Mume Aliyerudisha Sahani

Nilipoolewa nilikuwa mnene, na baada ya ndoa nikanenepa zaidi, maana mume wangu alikuwa akiuza nazi, na kwetu Dunda hakikupikwa kitu bila tui zito. Kanga moja haikunizunguka. Fundi alikuwa akiniungia vipande. Mimi sikuona haya, na yeye ndiyo kabisa. Tukienda harusini alipenda nitangulie, yeye afuate taratibu na kanzu yake, watu waone jinsi mke anavyotunzwa. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama chelewa, lakini majivuno yake yote nilikuwa nimeyabeba mimi kiunoni.

Kisha ikanitoka ngiri ya kitovu. Mwanzoni ulikuwa uvimbe mdogo tu, nikiusukuma kwa kidole unarudi ndani. Siku moja ukagoma. Niligaagaa sakafuni hadi nikapakiwa kwenye gari la samaki kwenda Dar es Salaam, nikinuka papa njia nzima. Daktari aliubonyeza ukarudi, kisha akanieleza bila kuzungukazunguka. Nikikaa bila kupasuliwa, siku utumbo ukikwama tena huenda nisifike hospitali. Akinipasua na unene ule, dawa ya usingizi inaweza kunilaza moja kwa moja, na mshono hautashika. Basi nikapungue, nirudi baada ya masika. Na nikishapasuliwa nisinenepe tena, la sivyo mshono utaachia.

Njiani kurudi nyumbani, mume wangu alikuwa akihesabu miezi kwa vidole. Mimi nilikuwa nauliza kama samaki wa kupaka naye amekatazwa.

Alikatazwa. Nikaanza mchicha wa kuchemsha na kipande cha samaki wa kuchoma, ndani ya nyumba ambayo nazi zilipangwa hadi uvunguni mwa kitanda. Nikawa mkali; hata paka alinikwepa. Pengine ningevumilia, lakini kwetu chakula hakikai kwa aliyekipika. Jirani akipika kitu kizuri hukufunikia sahani kwa kawa akakuletea, na kuirudisha ni sawa na kumtukana. Wifi yangu, anayekaa nyumba ya pili, ndiye aliyewaongoza wote. Alasiri alikuja na vitumbua ndani ya kanga, akaketi kitandani, akaniambia nile kidogo tu, haidhuru, maana watu wameshaanza kusema kaka yake ana mke mwingine Kaole na mimi nimesahauliwa. Nikala ili kumtetea mume wangu. Nilimtetea hadi sahani ikaisha.

Ilikuwa hivyo siku nyingi, na kanga zangu hazikulegea hata kidogo. Asubuhi moja uvimbe ukakwama tena. Haukukaa sana, ulirudi wenyewe, lakini mume wangu alikuwa ameshuhudia yote. Hakuniuliza nimekula nini. Alikung'uta makombo ya vitumbua kwenye shuka, akatoka.

Tangu siku ile kila alasiri aliacha biashara yake, akakaa barazani mlangoni. Mimi nilisikiliza dirishani. Kila sahani iliyokuja aliirudisha kwa adabu: anashukuru, lakini humu ndani chakula anatoa yeye, na amepunguza. Wa kwanza walicheka, wakidhani ni utani. Baadaye hawakucheka. Mama mmoja alimwambia waziwazi kuwa ni bahili, naye akaitikia kwamba ndivyo alivyozaliwa. Dada yake alimnunia, akawa anapita upande wa pili wa njia. Sahani zikakoma.

Nikapungua, na baada ya masika nikapasuliwa. Nilipozinduka nilidai chapati. Nesi akanilowesha midomo kwa pamba. Nikitaka kukohoa ilinibidi nibane mto tumboni, na kucheka vilevile, kwa hiyo wifi yangu, aliyekuja na akiba kubwa ya maneno, alipigwa marufuku kusema lolote la kuchekesha. Alikaa kimya akinitazama, na hilo ndilo lililonichekesha zaidi.

Niliporudi Dunda nilimkuta wifi ametangulia na uji wa samli na mkaja wa kunifunga tumbo, kana kwamba nimejifungua. Kaka yake naye alikuwa tayari mlangoni.

Siku moja, kidonda bado kibichi, mume wangu alitoka maulidini akakaa kizingitini, hakuingia. Nikachungulia. Alikuwa na pilau kwenye jani la mgomba. Mtu alimkabidhi mbele ya wote, akamwambia ampelekee mkewe, naye apate kushiba siku moja. Yeye alipokea, akashukuru. Sasa alikuwa anaila mwenyewe pale pale, isiingie ndani. Hakuwa na njaa. Nilimwona jinsi alivyoisukuma tonge kwa tonge.

Nilikasirika, safari hii kwa ajili yake. Nikamuuliza kwa nini hawaambii kwamba ni amri ya daktari.

"Nikiwaambia daktari, watakuletea kidogo," alisema. "Nikiwaambia mimi bahili, hawaleti kabisa."

Nikaubana mto nikalia, maana kulia nako kuliuma. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya ndoa yetu. Nilitaka nitoke nikawaambie mtaa mzima. Akasema tungoje mshono ukomae. Mshono ukakomaa, na kila nilipotaka kusema alinizuia, akidai ameshazoea, na tena barazani kuna upepo mzuri.

Alipofariki, watu walikuja kwenye hitima yake wakiwa wamekula makwao. Niliwajua kwa jinsi walivyozitazama sufuria zangu za biriani kwa mshangao. Nikasimama mbele ya wanawake wote nikawaeleza, tangu gari la samaki hadi ile pilau ya maulidi. Wifi yangu ndiye aliyeanza kulia. Kisha nikawapakulia, na hakuna aliyeniambia ameshiba.