Herufi ya Omena

Nilijifunza aljebra peke yangu, chumbani mtaa wa Migosi, kwa kitabu kilichokuwa kimechanika kurasa za majibu. Sikuwa na wa kunisahihisha, kwa hiyo nilizoea kukagua kila hesabu mara nne. Tabia hiyo nimekuja nayo hadi chuo cha ualimu, na inanisumbua kuliko inavyonisaidia.

Chuoni tunaandaa somo moja watu wanne. Mmoja analifundisha katika shule ya jirani. Watatu tunakaa nyuma, kila mtu na mwanafunzi wake wa kumtazama na kuandika anachofanya. Kumsaidia ni marufuku, hata kwa kutikisa kichwa. Baadaye tunalirekebisha somo, kisha linafundishwa tena, katika darasa jingine.

Safari hii zamu ya kufundisha ilikuwa ya mama mmoja, mkubwa wetu, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, ufukoni Dunga miaka mingi kabla ya kurudi kusoma. Yeye alitaka tutumie x.

"Mama, x inawatisha watoto," nikamwambia. "Tuweke o, ya omena. Hiyo wanaijua."

"Haya, kichwa," akacheka. "Mimi nani nikubishie, na wewe ulisoma bila mwalimu?"

Swali likawa hivi: magunia matatu yana omena sawasawa, yaliyopimwa kwa gorogoro, kopo la kupimia, na pembeni kuna gorogoro tano. Jumla ni ishirini. Kila gunia lina gorogoro ngapi? Niliukagua mpango ule hadi nukta na mkato. Asubuhi mama akaandika ubaoni: 3o + 5 = 20.

Msichana niliyepewa kumtazama, wa dawati la dirishani, akaandika 30 + 5. Mwandiko wake ulikuwa safi. Akapata 35, akatazama ile ishirini ubaoni, akamgeukia jirani yake.

"We, mwalimu amekosea hesabu."

"Nyamaza. Walimu wanne wote wakosee, wewe peke yako ndiyo uko sawa?"

Akafuta. Akaandika upya, ikatoka thelathini na tano tena. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia raba ikisugua. Mbele, mama alikuwa akieleza vizuri kabisa jinsi ya kutoa tano pande zote mbili. Nilikohoa, kana kwamba kikohozi kingemwambia mtoto kuwa ile si sifuri. Kwenye karatasi yangu niliandika: anafuta. Anafuta tena. Karatasi yake ikatoboka, akafunga daftari, akaweka mikono juu yake hadi kengele.

Kwenye kikao mkufunzi wetu aliuliza nani ataanza. Nilisimama hata kabla hajamaliza.

"Ile herufi ilikuwa yangu. Mama alitaka x, mimi nikamlazimisha."

"Hapa hakuna yangu," mkufunzi akasema, bila ukali. "Somo ni letu. Keti, utuambie mwanafunzi alifanya nini."

"Tulia, kichwa," mama akaninong'oneza.

Nikasoma karatasi yangu. Wote wakakubali kwamba tumejifunza jambo kubwa, tukabadilisha herufi ikawa n. Niliomba dakika tano tu nirudi kwa yule msichana. Mkufunzi akasema ana mwalimu wake, na sisi ruhusa yetu ni ya masomo mawili tu.

Wiki iliyofuata tulilifundisha tena katika darasa jingine la shule ileile. Lilienda vizuri sana. Wenzangu walipeana mikono kwa furaha. Mimi nilitoka kwenda mferejini, kwenye bomba la uani, kunawa chaki, nikamkuta yule msichana akijaza chupa yake maji.

"Siku ile," nikaanza, "ubaoni haikuwa thelathini. Ilikuwa herufi. Sisi ndio tulioiandika vibaya."

Akasimama wima, chupa mkononi, maji yakimwagika.

"Pole, mwalimu," akasema. "Siku ile sikuwa nasikiliza."

"Hapana, ulikuwa unasikiliza. Nilikuona."

"Sitarudia, mwalimu."

Akafunga mfereji, akakimbia darasani.