Tangi Lililonuna

Mtengeneza bia alianza na ndoo moja jikoni, akilala kando yake asikilize povu likipasuka. Sasa ana matangi sita ya chuma, na kila asubuhi huyapitia akiyabandikia sikio, kidole mdomoni ili watu wanyamaze. Dada yake, msoma vipimo, humcheka. Leo kaka alisimama kwenye tangi la nne, lenye bia ya hoteli, oda yao kubwa ya kwanza.

"Hili limenuna."

"Kaka, kipimo kinasema safi."

"Kipimo hakikulala jikoni."

Wakaonja. Siki tupu.

"Na hoteli je?"

"Itasubiri," alisema kaka, akaifungulia bia yote imwagike, akaenda kuwapigia simu watu wa hoteli. Dada alitazama mlangoni, kisha akalibandikia sikio tangi la tano.