Ndevu za Shemeji

Kinyozi huyu hajui kukaa. Waliowahi kunyolewa naye wanamjua: ananyoa huku anazunguka, anazunguka huku anaongea, na akimaliza ni wewe unayehema. Alifuga kuku akawaacha. Akanunua gitaa, likabaki na nyuzi tatu. Akajifunza kushona, cherehani ikageuka meza ya kupigia pasi. Sasa akaja na filamu. Mkewe aliposikia alishika kiuno, akasema, "Haya, na hili nalo litapita."

Lakini hili halikupita, na sababu ni mama yake. Daktari wa macho alikuwa amemvuta kinyozi pembeni, akamwambia presha ya macho ya bi mkubwa imekwenda mbali. Mwaka huenda usiishe kabla hajawa kipofu. Basi jamaa akaapa: mama ataigiza, na filamu ataiona kwa macho yake mwenyewe. Tangu siku ile hakutulia, wala hakumwacha mtu atulie.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mwana anarudi nyumbani baada ya miaka kumi na miwili, mama anafungua mlango, na kwa sababu ya ndevu hamtambui. Mama aliigizwa na mama mwenyewe. Mwana aliigizwa na shemeji, kaka wa mkewe, dereva wa lori aliyefuga ndevu miezi minne kwa ajili ya kazi hiyo, akavumilia kejeli za madereva wote. Kamera ilishikwa na mpiga picha wa harusi, mtu mpole, ambaye kwa mazoea aliwaambia watu watabasamu hata pale walipotakiwa kulia.

Walirekodi kila Jumapili sebuleni kwa bi mkubwa, mapazia yamebanwa kwa vibanio vya nguo. Kinyozi alisogeza makochi, akayarudisha, akayasogeza tena. Alilala chini ya meza kutafuta pembe nzuri, na alipoulizwa anatafuta nini akajibu, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" Bi mkubwa alipenda asomewe maneno yake badala ya kuyasoma, na alihesabu hatua kutoka kochi hadi mlangoni: saba, kila mara saba. "Mnaona?" kinyozi alijisifu. "Anajipima! Huyo ndiye mwigizaji!" Siku moja alihamisha stuli bila kusema, mama akajikwaa, nusura aanguke. Akashika ukuta, akabaki pale anahema. Kinyozi akapiga makofi. "Mama, hapo umeua! Turudie!" Na mama akarudia.

Likabaki onyesho la mwisho, lile la mlangoni. Wangelirekodi Jumapili, maana Jumatatu shemeji alikuwa anaondoka na lori. Jumamosi mchana akapita kinyozini wapange mambo. Benchi lilikuwa limejaa wateja, akakaa kwenye kiti cha kunyolea. Lahaula! Kinyozi akaanza kumweleza mlango utakavyofunguka na mwanga utakavyoingia, na mikono yake, ambayo kwa miaka kumi na tisa haijawahi kuletewa kidevu ikakiacha, ikamfunga kitambaa shingoni. Mazoea yana taabu, jamani. Shemeji naye alikuwa ameamka alfajiri kupakia simenti. Mashine iliponguruma akasinzia. Walizinduka pamoja, mmoja usingizini, mwingine kwenye filamu yake, na kidevu kinang'aa kama sahani.

"Shemeji," kinyozi akanong'ona, "nimefanya nini?"

"Unaniuliza mimi?" Shemeji alijipapasa mashavu. "Miezi minne, bwana! Miezi minne nimeitwa beberu!"

Jumapili walikutana sebuleni, kila mtu kanuna. Kinyozi alikwenda dirishani akarudi, akaenda tena. "Basi, tumekwisha," alisema. "Tusubiri ziote. Miezi minne mingine."

"Miezi minne?" bi mkubwa akauliza kutoka kwenye kochi. "Kwani mtu wenu hakuja? Si nimemsikia anaongea?"

"Mama, si unamwona? Hana hata unywele mmoja kidevuni!"

"Kumbe hana?"

Kinyozi alisimama palepale alipokuwa.

"Mama, mtazame."

"Namtazama, mwanangu. Simwoni."

"Tangu lini?"

"Siku ile ya stuli nilikuwa naona kivuli tu. Sasa hata kivuli hakuna."

Kinyozi alikumbuka makofi yake na ile "turudie", akaona haya mpaka masikio yakawaka moto. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeacha. Nakujua, nimekuzaa mimi. Kuku uliacha, gitaa uliacha. Nikasema hili alimalize, hata kama mimi sitaliona."

Mke wa kinyozi alijifuta macho kwa kiganja. Bi mkubwa akaendelea kana kwamba wanaongea habari za sabuni. "Na hizo ndevu ndiyo nini? Mtu anarudi kwa mama yake baada ya miaka kumi na miwili, hapiti kwa kinyozi kwanza? Hivi nyie mna akili kweli?"

Ala! Kinyozi mzima, na hilo halikumjia kichwani! Akakimbia kinyozini na mpiga picha nyuma yake. Ndevu za jana zilikuwa bado kwenye pipa. Walirekodi mikono, mashine, na nywele zikianguka sakafuni: mwana ananyoa ili mama yake amtambue. Kisha wakarudi mlangoni.

"Kamera!"

Bi mkubwa alihesabu hatua saba, akafungua. "Shikamoo, mama," akasema shemeji. Mama akanyoosha mkono, akapapasa paji la uso, pua, kidevu kilichonyolewa. Akakipapasa tena. Alikuwa ameandikiwa aseme, "Karibu, mgeni." Hakusema hivyo.

"Umechelewa, mwanangu," alisema. "Lakini kaa. Kaa unisimulie."

Mpiga picha akamtupia jicho kinyozi, akingoja aseme kata. Kinyozi hakusema. Alikuwa ameketi juu ya ile stuli, mikono magotini, analia, na kamera ikaendelea.