Bibi Aliyeondoka Wakati wa Mapumziko

Mwaka wangu wa tatu Minnesota nilikuwa nikifanya kazi katika makao ya wazee huko Woodbury. Niliwaamsha, niliwaogesha, niliwavisha na kuwapeleka mezani. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kabla ya hapo nilikuwa kiwandani, kabla ya kiwanda nilikuwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na kabla ya kambi nilikuwa mtoto Uvira. Sikuwa mtu wa kutulia mahali pamoja. Kazi ile niliiweza kwa sababu mguu haukupata nafasi ya kupoa: kengele inalia chumba hiki, kabla hujamaliza inalia kile.

Mwezi wa tatu, theluji ikiwa imeanza kuoza pembeni mwa barabara, ofisi ilipanga kuwapeleka wazee wanane Saint Paul kutazama mchezo wa jukwaani. Bango lake lilibandikwa mlangoni mwa chumba cha kulia wiki tatu kabla. Lilionyesha msichana mwenye sketi pana kama mwavuli na mvulana wa jaketi la ngozi, nywele zimelowa mafuta, wameegemea lile sanduku la muziki la zamani ambalo ukilitia sarafu linapiga santuri unayoitaka. Wazee wetu walichangamka. Enzi ile ya muziki wa rokenrol ndiyo ilikuwa enzi yao. Hao vijana wa kwenye bango walikuwa wao wenyewe. Babu mmoja aliyekuwa hasemi na mtu alianza kupiga mluzi nikimnyoa ndevu.

Bibi mmoja tu hakutaka kwenda. Alikuwa na miaka sabini na mbili, akili timamu kuliko yangu, ila nyonga ilikuwa imevunjika na kuungwa, hivyo alitembea na fimbo. Pale kazini tulifundishwa kuwaita wazee kwa majina yao ya kwanza. Ulimi wangu ulikataa. Nilimwita mama, naye alizoea.

"Nimeshawaona vijana wa namna hiyo," aliniambia, akilitazama bango. "Sina haja ya kuwaona tena."

Lakini asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta amekaa karibu na mlango wa nje, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo mapajani.

Ilikuwa twende wahudumu wawili. Mwenzangu aliamka na homa, nikabaki mimi na dereva. Dereva wetu alikuwa Mkenya, mtu wa Mombasa, Mwislamu mpole mwenye ndevu za mvi. Ni yeye peke yake niliyezungumza naye Kiswahili pale kazini. Alicheka Kiswahili changu cha Kongo, nami nilicheka chake.

"Dada, mie siingii humo ndani," alisema tulipofika. "Wasichana kurusha miguu juu, hayo ni yenu. Nitakaa garini, niswali zangu, nipumzike."

Tulipewa viti vya nyuma, karibu na mlango, kwa ajili ya wawili waliokuwa kwenye viti vya magurudumu. Taa zikazimwa na ngoma zikaanza. Hadithi yenyewe ilikuwa nyembamba, kama uzi wa kutungia shanga: mvulana anampenda msichana, baba wa msichana hataki, wanakwenda kwenye dansi ya shule, wanagombana. Shanga zilikuwa nyimbo. Kila dakika chache kilikuja kisa kidogo cha kuuita wimbo mwingine wa zamani, na wazee ukumbi mzima wakaimba chini chini. Babu wa mluzi alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Nilifurahi kuwaona hivyo, nikajikuta nami natikisa mguu.

Bibi hakuimba. Aliisugua fimbo kwa kiganja. Alivua koti, akalivaa, akalivua. Kwenye wimbo wa dansi ya shule, wasichana kumi na wawili wakizunguka na sketi zao, aliniinamia.

"Hesabu," alisema.

"Nihesabu nini, mama?"

"Wasichana. Kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyepata shida."

Sikuelewa. Muda wa mapumziko ulipofika aliomba kwenda msalani, nikampeleka yeye pamoja na bibi mwingine wa kiti cha magurudumu. Kiti kikakwama mlangoni. Nilikisukuma, nikakivuta, mama wa watu akanishika shingo kwa hofu, na nilipofanikiwa kumkalisha na kumrudisha ukumbini, bibi wangu wa fimbo hakuwepo. Hakuwa msalani, wala kwenye viti, wala kwenye foleni ya bisi.

Sijui kama nilikimbia au niliruka. Nilitoka nje bila koti. Dereva alikuwa anakunja mswala wake nyuma ya gari.

"Yule mama wa fimbo! Umemwona?"

"Nimemwona, amevuka barabara sasa hivi. Nilidhani uko nyuma yake." Uso ukambadilika. "Ya Allah. Hukuwa naye?"

"Ingia ndani, kaka, kaa na wale saba. Nakuomba. Wasibaki peke yao."

Alilitazama jengo, akanitazama mimi. "Nenda," alisema. "Nenda mbio."

Nilimwona kwenye kituo cha basi, ng'ambo ya pili, na basi limeshafika. Alikuwa anapanda taratibu, mkono wa kulia kwenye chuma, fimbo kwapani. Nilipiga kelele. Dereva wa basi alinisubiri, nikaingia, mlango ukafungwa nyuma yangu. Bibi alikuwa amekaa kiti cha mbele. Aliponiona hakushtuka.

"Utapata baridi," alisema.

"Mama, tushuke. Nitafukuzwa kazi."

"Shuka wewe. Mimi si mtoto, na si mfungwa. Nina mahali pa kwenda, si mbali."

Ningefanya nini? Kumshika mkono kwa nguvu mbele ya watu? Nilikaa karibu naye. Basi lilianza kupanda mlima, na moyo wangu ulikuwa unadunda kana kwamba mimi ndiye ninayetoroka. Hapo ndipo aliponieleza, akitazama dirishani, bila kupunguza sauti.

Alipokuwa na miaka kumi na sita alipata mimba. Baba yake alimleta Saint Paul kwa gari kutoka shambani kwao, akamshusha kwenye mlango wa nyumba moja kubwa ya matofali walimofichwa wasichana wa aina yake hadi wajifungue. Baba hakushuka garini. Hakuvua kofia. Mle ndani walipewa majina ya uongo, wasijuane. Kazi yao ilikuwa kufua mashuka ya hospitali.

"Mpishi alikuwa na redio," alisema. "Kila saa kumi alasiri wakubwa walikwenda kunywa chai, naye aliifungulia kwa nguvu. Hizo nyimbo ulizozisikia leo, hizo hizo. Tulicheza. Wasichana tisa, matumbo hivi" (alionyesha kwa mikono miwili, mwanamume wa kiti cha pili akageuza macho) "tunacheza katikati ya mashuka yaliyolowa. Hakuna aliyewahi kucheza kama sisi. Wale wa leo walikuwa wanafanya mazoezi ya viungo tu."

"Na mtoto?"

"Wa kiume. Siku tano nilimnyonyesha. Siku ya sita niliambiwa nimvishe kofia, waliokuja kumchukua wamefika." Alinigeukia. "Na wewe? Ulikuwa wapi ulipokuwa na miaka kumi na sita?"

Tangu nimefika Amerika watu waliniuliza nimetoka wapi, nimeingia lini, nina karatasi gani. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Kambini," nilisema. "Nilikuwa kwenye foleni ya maji asubuhi na kwenye kwaya jioni. Tulikuwa na magitaa mawili. Tulikuwa tunagombana nani asimame mbele."

"Ulisimama mbele?"

"Mara nyingi."

Alicheka, kisha akavuta kamba ya kengele.

Tulishuka kwenye mtaa wa nyumba kubwa za zamani. Nyumba ile ya matofali haikuwepo, au ilikuwepo na imevaa ngozi nyingine. Mahali aliponionyesha palikuwa na kliniki ya meno, ukuta wa kijivu, vioo vikubwa. Alizunguka nyuma kwa haraka ambayo sikujua kama anayo. Huko palikuwa na maegesho ya magari na lundo la theluji nyeusi.

"Kamba za mashuka zilikuwa hapa," alisema. Akasogea. "Hapana. Hapa. Mlango wa jikoni ulikuwa unatazama..." Akarudi alikotoka. Akagonga lami kwa fimbo. "Wamehamisha kila kitu! Hata mteremko si ule."

Nilimfuata kama kivuli, mikono imenyooshwa asije akateleza. Mimi mwenyewe baridi ilikuwa inaniuma. Mwanamume mwenye nguo za kliniki alitoka mlango wa nyuma.

"Naweza kuwasaidia?"

"Nilizaa hapa," bibi alimwambia.

Mwanamume yule alinitazama mimi, kwa jicho lile la kuuliza kama mgonjwa wangu amechanganyikiwa. Kwa mafunzo yangu nilipaswa kutabasamu, niombe radhi na kumwondoa.

"Ni kweli," nilisema. "Alizaa hapa. Tunahitaji dakika chache."

Alimtazama tena bibi. Kisha aliingia ndani, akarudi na kiti cha plastiki, akakiweka kwenye lami na kwenda zake. Bibi alikitazama kiti kwa hasira, lakini alikaa. Mimi nilijikunyata pembeni. Alikuwa anapumua kwa nguvu. Hakulia. Aliutazama ule ukuta wa kijivu kama mtu anayemsubiri mwenzake achoke kwanza.

Simu yangu ililia. Nilijua ni ofisi, kumbe alikuwa dereva.

"Dada, uko wapi? Mie niko na wazee saba na nusu nzima ya mchezo. Wananikamata mkono wananiambia nipige makofi."

"Nimempata, kaka. Ukimaliza njoo utuchukue." Nilimtajia mtaa.

"Nikimaliza," alisema. "Sikia mambo haya. Nikimaliza!"

Alikuja baada ya saa nzima. Wazee walikuwa wanaimba ndani ya gari kama watoto wa shule waliotoka matembezini, na hakuna aliyeuliza bibi alikuwa wapi. Nyimbo ziliwatosha. Dereva alinivulia jaketi lake. Mpaka tunafika Woodbury bibi hakuacha kufunga na kufungua vifungo vya koti.

Niliwaambia ofisini ukweli wa safari, si wa sababu. Msimamizi alinisimamisha wiki mbili, akaandika kwamba sitatoka tena na wazee. Bibi alikwenda mwenyewe kwenye mlango wa ofisi ile, akasema kosa ni lake na kwamba mtu mzima ana haki ya kupanda basi. Wiki mbili hazikupungua hata siku moja. Nilizimaliza nikitembea ndani ya fleti yetu, mtaa wa Phillips, kutoka dirisha hadi jiko, mpaka mama yangu akaniuliza, "Unatafuta nini?"

Niliporudi, mambo yalikuwa yameshatokea. Bibi alikuwa na binti mmoja, mwanamke wa miaka hamsini hivi, aliyekuja kila Jumapili na maua. Jumapili moja nikiwa sipo, bibi alimwambia kwamba ana kaka. Jumapili iliyofuata binti alinikuta nikikunja taulo.

"Wewe ulijua kabla yangu," alisema.

"Nilijua kwenye basi, mama."

"Miaka hamsini mimi ni binti yake. Wewe umekuwa hapa muda gani?"

Jibu lingemuumiza zaidi, nikaendelea kukunja taulo. Aliondoka. Baada ya siku chache alinisubiri nje shifti yangu ilipokwisha, akaniomba nimwonyeshe mahali. Nilipanda gari lake. Njia nzima alibadilisha stesheni za redio. Tulipofika nilimwambia, "Ni hapa." Hakusimama. Alizunguka mtaa mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne aliingia kwenye maegesho ya nyuma, akasimama, lakini hakuzima injini. Theluji ilikuwa imekwisha.

"Alilia?" aliniuliza.

"Hapana. Alikasirika kwamba wamehamisha kamba."

Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Huyo ni mama," alisema. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Nilingoja afungue mlango, hakufungua. Tulikaa hivyo hadi gari jingine lilipotaka kupita, naye akarudi nyuma, akanipeleka nyumbani. Aliniambia ataandika barua, ataanza kuuliza. Sijui kama alipata jibu, kwa sababu kiangazi kile niliacha kazi. Nilipata nafasi kwenye ghala huko Eagan, na nilikuwa nimechoka kuwatazama wengine wakitoka na gari nami nimebaki.

Nilikwenda kumuaga bibi chumbani kwake. Alikuwa amesimama dirishani, koti begani, ingawa nje kulikuwa na joto.

"Kazi gani huko?" aliuliza.

"Kupanga masanduku."

"Kuna redio?"

"Nasikia ipo."

"Basi usikae sana huko pia," alisema, akanipa mkono kama mwanamume, akageuka tena kutazama barabara.