Kadi za Mwisho za Arne

Siku yangu ya kwanza katika kituo cha televisheni nilivaa tai. Nilikuwa nimekuja ughaibuni kutoka Kisii na miaka kumi na mmoja ya kazi ya posta, nikidhani kwamba mtu anayeajiriwa televisheni lazima afanane na wale wanaosoma habari. Msimamizi wa chumba cha barua, mama mfupi wa mji wa Saint Paul aliyevaa sweta hata mwezi wa Julai kwa sababu ya baridi ya kule chini ya jengo, alinitazama kuanzia kooni hadi viatuni. "Hiyo tai itaingia kwenye mashine ya stempu," akasema. "Ivue." Nikaivua, na sikuivaa tena kwa shughuli za kazi isipokuwa mara moja, nitakayoieleza.

Ninyi vijana mnaotuma ujumbe na kupata jibu kabla chai haijapoa, hebu niwaambie tulivyofanya kazi. Barua zilifika kwa magunia saa mbili asubuhi. Kwanza unachambua, yaani unatenga bili, barua za watazamaji na zile zilizorudishwa kwa kukosa mwenyewe. Kisha unafungua kwa kisu butu cha chuma, taratibu, ukipitisha upande wa juu ili usikate anwani ya mwandishi. Halafu unaitia kila barua katika kijumba chake ukutani, kimoja kwa kila kipindi. Msimamizi alikuwa na sheria nyingi, ila moja aliisema siku hiyohiyo ya kwanza na hakuirudia: "Anwani ni ya bahasha. Si ya miguu yako." Maana yake ni kwamba humfuati mtazamaji kwake, hata akuandikie nini.

Kijumba kilichojaa kuliko vyote kilikuwa cha Arne. Huyu ndiye aliyetangaza kile kipindi cha wanyama cha Jumamosi alasiri, dubu na nungunungu na wale ndege weusi wa maziwani wenye madoa meupe, ambao sauti yao ilinitia hofu mara ya kwanza nilipoisikia, nikadhani mtu anazama. Arne alikuwa mrefu, mwenye ndevu zisizojua kitana, na alizungumza na wanyama kama anayezungumza na wakwe. Jimbo zima lilimpenda. Watu wazima wenye kazi zao waliahirisha mambo kwa ajili ya kipindi chake.

Mwanzoni aliwajibu watazamaji mwenyewe. Kila Jumanne alishuka chini, akaketi juu ya sanduku la karatasi, nami nikamsomea barua. Yeye anasema, mimi naandika. Hati yangu ilikuwa nzuri, hilo sioni haya kulisema; walimu wetu walituchapa mpaka ikawa nzuri. Baadaye kipindi kikakua, akawa porini wiki nzima. Siku moja akaniachia muhuri wa saini yake, kile kipande cha mpira unachokigonga kwenye wino kisha kwenye kadi.

"Unajua ningesema nini," akaniambia.

"Na nisipojua?"

"Sema ambacho wewe ungesema. Wewe una adabu kunishinda."

Basi nikaandika. Miaka ikapita nikiandika. Mtu akiuliza kwa nini kindi anazika njugu halafu anasahau, nilitafuta vitabuni. Mtu akisema amefiwa, hilo halikuhitaji kitabu. Na mwisho wa kila kadi niliweka salamu tunayoweka sisi, wasalimie wote nyumbani. Wazungu hawana desturi hiyo katika barua zao. Kwao salamu ni ya yule anayeandikiwa, basi, kana kwamba anaishi kisimani. Lakini waliipenda. Waliandika tena wakitaja majina ya waliosalimiwa, mpaka paka. Arne aliposikia hayo alicheka, akaanza kufunga kipindi chake kwa maneno hayohayo. Ukiwa Hopkins au Golden Valley, vitongoji vya kwetu, siku ya Jumamosi, ungemsikia mtu akiagana na mwenzake dukani hivyo, na mimi nimesimama kwenye foleni na maziwa yangu, nikijifanya sina habari.

Arne alikufa siku ya Jumapili, bila kuugua. Alikuwa katika mtumbwi ziwani na mpiga picha wake, moyo ukasimama. Tulikuwa kanisani simu zilipoanza kutikisika mifukoni. Mke wangu, Mama Kerubo, alinionyesha yake chini ya Biblia. "Si huyu ni Arne wako?" Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho ya magari. Nililia. Sikujua kama nina haki ya kulia vile, maana hatukuwa ndugu, lakini machozi hayakuniuliza.

Jumatatu nilipanda treni kama kawaida. Nilipofika, mlango wa kituo haukuonekana. Watu walikuwa wameleta dubu wa vitambaa, darubini kuukuu, mabuti ya porini, vibanda vya kulishia ndege walivyochonga wenyewe. Wengine walimwaga mbegu za alizeti hapo lamini, na kindi walikuwa wamejaa wakila bila kumwogopa mtu. Mwanamume mmoja aliyevaa sare za kiwandani alikuwa amepiga magoti akipanga mbegu hizo zikae duara, nao kindi wakiharibu, naye akipanga tena. Na kwenye mabango, kwa mikono ya watu nisiowajua, kulikuwa na maneno yangu: Arne, wasalimie wote nyumbani.

Nilishuka chini nikiwa sijielewi. Mchukuzi wa barua akaja wakati wake, nikampa trei za barua za kutumwa kama nilivyompa kila Jumatatu. Mikono ilifanya kazi, mimi sikuwepo. Alipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka kwamba trei moja ilikuwa ya kadi za Arne, nilizoziandika na kuzigonga saini siku ya Ijumaa. Nikapanda ngazi mbio. Gari lake lilikuwa limekwisha pinda kona.

Kadi zikawafikia watu Jumatano. Fikiria mwenyewe: umemlilia mtu siku tatu, unafungua sanduku la barua, ni yeye, anakuambia mtaonana Jumamosi. Simu za kituo hazikupoa. Mkurugenzi wa Mawasiliano aliniita ghorofa ya nne, ambako sikuwa nimewahi kufika. Hakunifokea. Aliniuliza nani anaandika kadi hizo, nikamwambia. Akavua miwani.

"Zote?"

"Zote. Za miaka ya mwanzo tu alisema yeye, nami nikaandika."

Akaandika barua ya kuomba radhi. Nakumbuka maneno yake kwa sababu ndimi niliyepaswa kuikunja na kuitia katika bahasha: kadi uliyoipokea iliandaliwa na ofisi, haikuandikwa na Arne mwenyewe. Nakala zake zingetumwa Jumatatu inayofuata. "Na wewe usimweleze mtu lolote zaidi ya hili," akasema. "Ukifanya hivyo, sitaweza kukutetea."

Ijumaa nikafungua barua za siku hiyo, na mojawapo ilikuwa ya Marlene. Huyu alikuwa mjane wa Hopkins, mitaa minne kutoka kwetu, aliyemwandikia Arne tangu mumewe akiwa hai. Nilijua anwani yake kuliko namba yangu ya simu. Hati yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alisema kadi imemfikia baada ya mazishi ya Arne kutangazwa, kwamba Arne alimkumbuka katika siku zake za mwisho, na kwamba ameibandika jikoni. Alisema tangu afiwe hakuna mtu mwingine anayetuma salamu kwa nyumba yake, na kila kadi ikija yeye huzunguka chumba hadi chumba akizifikisha.

Nilirudi nyumbani na barua hiyo mfukoni, kosa jingine. Mama Kerubo aliisoma mara mbili. Yeye ni mtunzaji wa wazee huko Golden Valley, na wazee anawajua.

"Hebu niambie ukweli. Wewe ndio ulikuwa unaandikia huyu mama?"

"Ndiyo."

"Na yeye anathink ni Arne."

"Ndiyo."

"Sasa Monday mnamtumia barua ati si yeye. Akiwa solo kwa nyumba." Akaiweka barua mezani. "Baba Kerubo, kwetu nani hupewa habari kama hiyo kwa barua? Si mtu huja, mnakaa, mnakunywa chai kwanza?"

"Nitafutwa kazi."

"Inawezekana. Vaa tai. Mimi nita-drive."

Tulikwenda Jumamosi alasiri, saa ileile ya kipindi, na chupa ya chai na mandazi yaliyofunikwa kwa kitambaa, kama watu wanaokwenda kukaa na wafiwa. Nilipogonga mlango nilisikia sauti ya msimamizi wangu wa zamani kuhusu miguu na bahasha. Marlene alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomdhania kwa hati yake. Alituona, Waafrika wawili na chupa, akadhani tumepotea. Mke wangu akamwambia tumekuja kumpa pole kwa ajili ya Arne. Akatukaribisha ndani.

Televisheni ilikuwa imewashwa, wanarudia kipindi cha zamani. Tulikunywa chai. Alisema ina maziwa mengi, akaongeza kikombe. Dirishani kulikuwa na kibanda cha ndege, na juu ya kizingiti darubini ya mwanamume. Kadi ilikuwa pale mlangoni pa friji. Nilipoona hakuna tena chai ya kujificha nyuma yake, nikasema.

"Mama, hiyo hati ni yangu."

Hakuelewa. Nikaomba kalamu, nikaandika nyuma ya bahasha maneno yaleyale ya kadi. Akaweka bahasha na kadi pamoja, akalinganisha herufi kwa herufi. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na sanduku la viatu. Kadi zote zilikuwa humo, zimefungwa kwa utepe mwaka kwa mwaka. Akaanza kuzitoa moja moja.

"Hii?"

"Mimi."

"Hii?"

"Mimi."

Mbili tu zilikuwa za maneno ya Arne mwenyewe, za zamani kabisa. Uso wake ulikunjamana. Nilitamani anitukane. Akafika kwenye moja ambayo kingo zake zilikuwa zimelika kwa kushikwa.

"Mume wangu Harold alipokufa," akasema, "niliuliza kama niitoe darubini yake dirishani. Aliyeniambia niiache, kwamba ndege wameizoea, alikuwa nani?"

"Mimi, mama. Nisamehe."

Akaketi. Kwenye televisheni Arne alikuwa akifunga kipindi, akatuma zile salamu, na sote watatu tukamsikiliza hadi mwisho. Marlene akazima. Akanitazama, tai na yote.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "aliyekuwa akinisalimia hajafa."

Jumatatu nilikwenda mwenyewe ghorofa ya nne nikasema nilikokwenda. Mkurugenzi alinisikiliza akiwa amesimama. Hakunifuta, alinihamishia hifadhi ya kanda, chumba kisicho na dirisha wala barua, na huko nikamalizia miaka yangu nikibandika vibandiko kwenye vipindi vya marehemu. Chumba cha barua walikifunga baadaye. Watazamaji siku hizi wanaandika kwenye simu, na nasikia kuna programu inayowajibu.

Nimestaafu sasa. Miguu inalalamika nikishuka ngazi, na wajukuu wakinisikia nikisema hati nzuri wananiuliza kwa Kiingereza hati ni nini. Sina kinyongo na kazi. Nilipenda uzito wa gunia asubuhi, nilipenda ule mlio wa kisu. Kilichonishangaza ni hesabu moja tu: katika miaka yote hiyo, kituoni na posta, barua zote zilizopita mikononi mwangu zilikuwa za watu wengine.

Wiki niliyostaafu ilikuja bahasha hapa kwetu, hati ikitetemeka, jina langu limekosewa herufi mbili. Niliifungua kwa kisu, upande wa juu, ili nisikate anwani. Marlene alikuwa na habari za ndege, na mwishoni ameniambia niwasalimie wote nyumbani. Mama Kerubo alikuwa kazini. Nikaanza kuzifikisha mwenyewe, jikoni kwanza.