Kinyama kwenye Kope la Jeki

Usiku ule wa kuamkia upasuaji nililala na furaha ya kitoto. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Morogoro, na kliniki yetu ilikuwa imepata mashine ya leza, ile inayokata nyama kwa mwanga na kuziba damu papo hapo. Mgonjwa wangu wa kwanza kwa mashine hiyo, bila msimamizi, angekuwa Jeki, mbwa wa marehemu Mwalimu Sanga aliyenifundisha upasuaji chuoni. Jeki alikuwa na kinyama kwenye kope. Alikuwa mzee, moyo umechoka, na dawa ya usingizi ingeweza kumuua. Hilo nililijua vizuri. Lakini nilishamwahidi mjane wa Mwalimu kwamba nitakiondoa, naye akasema, "Ahsante, mwanangu." Nikaona mambo yamekwisha.

Nikaota niko chumba cha upasuaji, mchana kweupe. Jeki amelala mezani, amevaa miwani ya kinga kama mimi. Mlango ukafunguka, akaingia Mwalimu Sanga na koti lake jeupe lenye doa la wino mfukoni. Kumwona hai hakukunishangaza hata kidogo. Kilichonishtua ni kwamba hakuwa na miwani.

"Mwalimu, vaa, mwanga utakuumiza."

"Macho yangu hayana kazi tena, Rehema," akasema. "Yanayohitajika ni yako."

Nageuka kuwasha mashine, chumba kimekuwa darasa letu la chuo. Wenzangu wote wamevaa miwani, hakuna anayenitazama. Mwalimu ananiita ubaoni nimchore mgonjwa. Nachora, nasogea nyuma: nimechora mashine ya leza. Nafuta, nachora tena, inakuja ileile mashine na nyaya zake. Jamani, mbwa nimemchora mara ngapi maishani! Chaki inakatika mkononi, jasho linanitoka, na sielewi nimekosea wapi.

Mara tuko uani kwake. Jeki anazunguka miguuni mwake, mkia juu, kinyama kipo palepale kopeni wala hana habari nacho. Mwalimu anaosha mikono kwenye beseni, taratibu, mpaka viwikoni, kama alivyotufundisha kabla ya kumgusa mgonjwa. Nikadhani anajiandaa kunisaidia. Nikampa taulo, hakuipokea.

"Huyu mbwa anaumwa nini?"

"Ana kinyama, Mwalimu."

"Nimekuuliza anaumwa nini."

Nilitaka kulia, na hapohapo nikamkasirikia: tangu tumzike ndiyo kwanza anakuja, na bado ananipa mtihani! Nikamwambia kwa sauti ya juu, ambayo akiwa hai nisingethubutu kuitumia, "Nafanya kwa ajili yako!"

Akajifuta mikono kwenye koti. "Mimi sikukuomba. Muulize mwenye mbwa." Akaenda zake bila kugeuka.

Niliamka jua limeshaingia dirishani. Sikujua kama alikuwa yeye au ni woga wangu uliovaa koti lake, na hadi leo sijui. Nilichukua simu nikampigia mjane wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tunakuja, natafuta bajaji."

Nikasema haraka kabla sijaghairi. "Mama, kile kinyama hakimuumizi Jeki. Ila dawa ya usingizi inaweza kumuua, na sikukwambia. Wewe kweli unataka nimpasue?"

Nikasikia kiti kikivutwa, akakaa.

"Mwanangu, mimi sikutaka tangu mwanzo. Ila ulikuja umefurahi mno, unaieleza hiyo mashine, nikaona haya kukukatalia."

Aibu ilinishika mpaka nikashindwa kuinua kichwa, ingawa chumbani nilikuwa peke yangu. Miaka yote ya shule, na swali dogo kama hilo sikuwa nimemuuliza.

"Nisamehe, mama. Basi msije."

"Ahsante, mwanangu." Safari hii sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Sasa nimpe chakula? Ulisema asile tangu jana usiku, na amekaa mbele ya bakuli lake ananitazama tu."

"Mpe, mama. Mpe sasa hivi."

Akaiacha simu mezani bila kuikata, nami nikabaki kitandani nikimsikiliza Jeki akila.