Buti Kando ya Lambo

Mpaka Jumamosi yake ya mwisho duniani, Mchungaji alipiga kiwi buti zake za jeshi, ingawa kesho yake angezivua kando ya lambo la ng'ombe ili abatize. Kanisani aliita majina kama enzi zake za ualimu, baada ya kutoka jeshini, na aliyechelewa alibaki amesimama. Jumapili iliyofuata Jumamosi hiyo bintiye, Mbuke, alimshika mkono ukingoni.

"Baba, moyo wako hauwezi tena maji haya. Wanyunyizie tu."

"Mchicha ndio hunyunyiziwa, mwanangu. Mtu anazamishwa."

Akaingia hadi kifuani. Alipomzamisha mchimbaji mmoja wa dhahabu wa Mwakitolyo, pande la mtu, mikono ya Mchungaji ikalegea. Mchimbaji akaibuka mwenyewe, akamdaka Mchungaji asizame.

"Pole, baba!" mchimbaji akasema.

Mchungaji akajifuta uso, akanyoosha mgongo, akaita kwa sauti ya gwaride: "Anayefuata!"